Kwa nini bata mzinga dume hunyamaza akishashuka mtini

Ndugu, unauliza kwa nini bata mzinga mwitu dume uliyekuwa ukimwinda huko Missouri, Marekani, alilia sana alfajiri, kisha akashuka mtini akanyamaza kabisa. Tayari ana majike pembeni, hana haja ya kuifuata sauti yako ya kuigiza jike. Usiondoke! Jike hutaga takriban yai moja kwa siku, na muda wa kutaga ukifika hujitoa kimyakimya kwenda kwenye kiota chake chini, mara nyingi jua likishapanda. Dume akibaki mpweke ndipo huitika, hata saa nne au saa tano asubuhi. Mambo hunoga zaidi majike wengi wakianza kuatamia, maana huo ni muda wa siku 28 hivi. Mimi wiki hizo za mwisho wa msimu wa kuwinda ndizo nazipenda, ingawa majani yanakuwa yameshaziba msitu.