Kompyuta ya kwanza ya gemu: anzeni na pawa saplai

Nina shilingi milioni 1.5 za Uganda. Ninunue kadi gani ya grafiki ili nicheze gemu zote mpya? (Msomaji, Ntinda)

Zote hutazicheza, hata muuzaji akuahidi nini. Tafuta Radeon RX 580 ya GB 8 au GeForce GTX 1660 Super iliyokwisha kutumika, ucheze kwa ubora wa wastani kwenye skrini ya 1080p. Jihadhari tu na RX 580 iliyoandikwa 2048SP, kwa kuwa hiyo ni kadi iliyopunguzwa nguvu na haistahili bei ya ile kamili.

Hukutaja pawa saplai, yaani kifaa kinachoilisha kompyuta umeme, nawe si wa kwanza. RX 580 peke yake hula takribani wati 185, ilhali pawa saplai nyepesi inayouzwa ikiwa tayari ndani ya kasha huandikwa wati 500 kwa herufi kubwa bila kuziweza. Soma kibandiko chake ubavuni, utafute mstari wa volti 12: ukikuta ampia 18, zidisha kwa 12, upate wati 216, na hizo ndizo utakazogawanya kati ya kadi, prosesa na feni. Pawa saplai ya namna hiyo ikiungua huweza kuondoka na ubao mama pamoja na kadi uliyoiwekea akiba mwaka mzima. Nimepokea mezani kwangu mashine kadhaa zilizokufa hivyo, nyingine za vijana wasiokuwa na fedha ya kuanza upya, na kila mara huniuma, kwa sababu fedha ya kuzuia hasara ilikuwapo, ila ilikwenda kwenye taa za rangi za kasha. Punguza kadi, usipunguze pawa saplai.

Je, kasha lenye feni sita za rangi huongeza kasi? (Jinja)

Haliongezi.

RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya GB 8 inatosha? (Mbarara, Gulu, Masaka na wengine)

Haitoshi, na swali hili nimelijibu mara nyingi kiasi kwamba nawaomba msome majibu yaliyotangulia kabla ya kuandika. Nunueni GB 16 kwa vipande viwili vya GB 8, si kimoja, hasa kama mnatumia prosesa yenye grafiki ndani yake kama Ryzen 5 5600G, ambayo hupoteza kasi nyingi RAM ikiwa kipande kimoja.

Nimepata Dell OptiPlex ya ofisini yenye Core i5 ya kizazi cha nne. Naweza kuitia kadi? (Mbale)

Unaweza, ila pima kwanza. Kama ni ile nyembamba, itapokea kadi ya kimo kifupi (low profile) tu, tena isiyozidi wati 75, kwa kuwa hizo ndizo zinazopita kwenye nafasi ya kadi bila waya wa ziada; GTX 1050 Ti ya kimo hicho itakufaa. Iwashe na kuijaribu mbele ya muuzaji, kwa maana ziko kadi za kale zilizoandikwa upya zijitambulishe kwa jina hilo. Katika nyingi za mashine hizo pawa saplai na viunganishi vyake ni vya Dell peke yake, kwa hiyo kuibadilisha baadaye si kazi ya dakika tano.

Jambo usilouliza: Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikitambui rasmi kizazi hicho; kwa Intel huanzia cha nane. Ukiweza kungoja, ngoja upate hicho.

Kaka yangu aliye Marekani amenitumia kompyuta iliyotumika. Nichomeke tu? (Arua)

Usichomeke bado. Tazama nyuma ya pawa saplai: ukiona swichi ndogo yenye 115 na 230, isukume hadi 230 kabla ya waya kugusa ukuta, kwa sababu umeme wetu ni volti 240, nayo ikibaki kwenye 115 italipuka papo hapo. Isipokuwa na swichi, kibandiko kisomeke 100 hadi 240. Kisha nunua UPS, yaani betri ya akiba ya umeme ukikatika, ukijua kwamba VA 650 iliyoandikwa juu yake si wati 650 bali mara nyingi ni chini ya 400. Umeme ukikatika, zima swichi ya ukutani na usiiwashe mpaka umeme urudi na kutulia, na mvua ya radi ikianza, chomoa waya wa umeme pamoja na ule wa intaneti.