Kurudia gitaa baada ya upasuaji wa ubongo

Ndugu yangu, umeuliza kama mdogo wako, aliyesahau gitaa baada ya upasuaji wa ubongo, anaweza kulipiga tena. Inawezekana. Pat Martino wa Philadelphia, Marekani, alipasuliwa mwaka 1980 kwa kasoro ya mishipa ya damu ya ubongo, akazinduka akiwa hawatambui hata wazazi wake, wala hakumbuki kwamba alikuwa mpiga gitaa mashuhuri wa jazi. Baba yake akawa anamwekea santuri alizorekodi Martino mwenyewe (hapo ndipo ninapoguswa zaidi), naye akajifunza upya kwa kuzisikiliza, hadi mwaka 1987 aliporekodi tena mbele ya hadhira mjini New York. Mtunzie mdogo wako rekodi zake za zamani, na gitaa lisiondolewe chumbani mwake.