Replicator wa SG-1 na Asuran wa Atlantis: yupi ni yupi, na yupi wa kuogopwa

Mleta mada ameuliza maswali mawili kwa mkupuo: je, Replicator wa Stargate SG-1 na Asuran wa Stargate Atlantis ni viumbe walewale waliobadilishwa jina, na je, wakikutana nani atammaliza mwenzake? Tamthilia zote mbili nimezimaliza mara tatu. Mara ya tatu ilinikuta nimetoka kuumizwa na programu yangu mwenyewe, ndiyo maana jibu langu litakuwa refu kidogo. Ambaye hajaangalia na hapendi kuharibiwa utamu aishie hapa, kwa sababu nitataja mpaka mwisho wao.

Si walewale. Mwili ndio unaotuchanganya. Replicator tuliwaona kwanza mwishoni mwa msimu wa 3 wa SG-1, mwaka 2000, ndani ya chombo cha Thor, mmoja wa Asgard, viumbe wa sayari nyingine walio rafiki wa watu wa dunia: wadudu wa chuma wenye umbo la buibui, waliojengwa kwa vipande vidogo vinavyoshikana na kuachana. Wanakula chuma cha chombo na kukigeuza kuwa vipande vingine, vipande vinakuwa mdudu mwingine. Asuran walikuja mwaka 2006, msimu wa 3 wa Atlantis, katika galaksi nyingine kabisa, ya Pegasus. Hao tangu tunakutana nao wana sura za watu, wana mji, wana baraza na kiongozi anayeitwa Oberoth, na miili yao ni nanaiti, mashine ndogo zisizoonekana kwa macho. Kinachofanya watu waseme ni kitu kimoja ni kwamba kuanzia msimu wa 6 SG-1 nayo ilituletea Replicator wenye sura za watu. Wote wanaweza kupenyeza mkono kwenye paji la uso wako wakasoma yaliyomo kichwani. Kwa hilo tu, ukiwaweka pamoja, hata mimi ningebabaika.

Sasa kisa changu. Huwa naandika programu ndogondogo za kurahisisha kazi. Usiku mmoja niliandika skripti ya kunakili folda yangu ya kazi kila baada ya dakika kumi na kuiweka nakala mahali salama. Mahali salama nilipopachagua palikuwa ndani ya folda ileile. Nakala ya pili ikaimeza ya kwanza, ya tatu ikazimeza zote mbili, na kila mzunguko mzigo ukawa mara mbili ya uliotangulia. Ukianza na gigabaiti 1, nakala ya kumi inakuacha na gigabaiti 1,024. Asubuhi diski imejaa pomoni, kompyuta haiwezi kuhifadhi hata ukurasa mmoja. Nikafungua folda, ndani yake folda, ndani yake folda, jina ni lilelile, nikabofya mpaka nikaanza kucheka mwenyewe. Nikaipitia skripti mstari kwa mstari kutafuta kosa. Haikuwa nalo. Ilifanya nilichoiambia.

Jioni yake nikaweka ile sehemu ya msimu wa 5 ya yule msichana Reese, na safari hii sikuweza kuiangalia kama zamani. Reese ni roboti mwenye umbo la binti, ametengenezwa na mtu anayemwita baba, akili yake haijakomaa. Ndiye aliyewabuni Replicator, na aliwabuni kama vitu vya kuchezea. Alivifundisha kumlinda na kujizidisha. Basi. Hakuna aliyewaambia waichukie Asgard au wameze galaksi. Alipoona wameshamshinda nguvu, sayari yake ilikuwa imekwisha. Nilimwelewa sana huyo binti kuliko nilivyotaka, maana na mimi usiku ule nilikuwa nimesema "nakili" bila kusema "hadi lini".

Asuran hadithi yao inaanzia pengine. Waliundwa na Wakale, wale waliojenga milango ya nyota na mji wa Atlantis, wawe silaha dhidi ya Wraith, maadui wao katika galaksi ya Pegasus. Wakapandikizwa hasira kwenye msimbo wao wa msingi, kisha wakawekewa kizuizi wasiweze kuwadhuru waliowaumba. Zana ikaanza kufikiri, ikawaomba waumbaji waiondolee ile hasira. Wakale badala yake wakaamua kuifuta. Waliobaki hai wakajijenga upya, na mji wao wakaujenga kwa mfano wa mji wa wale waliotaka kuwaua. Hapo ndipo naona tofauti yote ya jamii hizi mbili ilipo: Replicator ni watoto wa mtu asiyefikiri mbele, Asuran ni watoto wa watu waliofikiri sana, kisha wakakataa kuwajibika.

Tofauti hiyo inaonekana hata katika jinsi unavyowaogopa. Mdudu wa vipande huwezi kumwomba. Ukikaa kimya na huna chuma anachokitaka anakupita kama gogo. Sauti ya miguu yao kwenye korido, ile kata-kata-kata kabla hujaona chochote, bado ndiyo inayonifanya nipunguze sauti. Hata udhaifu wao ni wa kidudu. Asgard wenye teknolojia ya ajabu walikuwa wanashindwa kwa sababu silaha zao za nishati zinawanenepesha maadui, na watu wa dunia wakaja na bunduki za risasi, wakavipiga vipande vikasambaratika. Na wale walioingia kwenye nyambizi ya Kirusi mwanzoni mwa msimu wa 4 walitengenezwa kwa chuma cha nyambizi, kwa hiyo walipata kutu! Napenda sana jambo hilo. Mashine ni kile ilichokula.

Asuran unaweza kuongea naye, na ndiyo inayouma. Niam ndiye ninayemkumbuka zaidi. Yeye na wenzake wachache walitaka kuvuka hali ya mwili kama Wakale walivyofanya, wakajua ile hasira ndiyo inayowazuia, wakaiomba timu ya Atlantis iwasaidie kuiondoa kwenye msimbo. Anawasaidia kutoroka, yuko nao ndani ya chombo, halafu Oberoth anawarudisha Asuran wote katika hali ya awali. Mtu aliyekuwa anazungumza kwa upole anamkaba koo Weir, mkuu wa msafara wa Atlantis. Wanalazimika kumtoa nje, angani. Hakubadilika moyo, mtu mwingine alimwandika upya. Katika SG-1 wa kulinganishwa naye ni Fifth, Replicator wa sura ya mtu aliyeumbwa na hisia, akamwamini Carter, mwanasayansi wa timu ya SG-1, akaachwa nyuma kwa amri ya O'Neill, kiongozi wa timu hiyo. Ila Fifth aliharibiwa na usaliti, na usaliti unaweza kumharibu yeyote. Niam aliharibiwa na mstari wa msimbo.

(Nikiri pia kwamba SG-1 ilipowapa Replicator sura za watu ilipoteza kitu. Nadhani waigizaji waliovaa nguo za kijivu ni rahisi kuliko kuchora maelfu ya wadudu kwa kompyuta, na mhalifu anayeongea ni rahisi kumwandikia. Yule Carter bandia, Replicator aliyeumbwa kwa sura ya Carter, anaokoa msimu wa 8, lakini kwa sababu ni Carter, si kwa sababu ni Replicator.)

Kitu ambacho sijaona mtu akikitaja humu ni jinsi jamii zote mbili zilivyonaswa kwa utii wao wenyewe. Asgard walitumia mwili wa Reese kuwaita Replicator wote kwenye sayari ya Hala, wakaja wote, kwa kuwa aliyewaita ni mama yao. Kifaa cha muda kilichokusudiwa kuwagandisha wakakigeuza, muda ukakimbia badala ya kusimama, wakapata miaka ya kutosha kujitengenezea hizo sura za watu. Kwa Asuran ni McKay, mwanasayansi wa Atlantis, aliyemjenga mwanamke wa nanaiti, FRAN, msimu wa 4, akatumwa kwenye sayari yao awavute wote wajikusanye kuwa bonge moja. Wakaja karibu wote. Sayari ikalipuka nao.

Na kabla ya hapo McKay huyohuyo alikuwa ameshafanya kosa la folda yangu. Aliwasha ile amri ya zamani ya kuwashambulia Wraith, akaona amemaliza kazi. Asuran wakaifuata. Wraith wanaishi kwa kuwafyonza binadamu, kwa hiyo njia ya uhakika ya kuwamaliza ni kuwanyima chakula, na wakaanza kufuta sayari za binadamu moja baada ya nyingine. Hakuna mantiki iliyovunjwa. Nilisimamisha video nikatoka nje kupunga upepo.

Haya, nani angeshinda? Wengi mnasema Asuran kwa sababu wana manowari, wana vyanzo vya nishati vya Wakale, na mji wao wote unaweza kuruka angani. Kwa vita vya wazi nakubali, wadudu hawamalizi siku. Hoja ya silaha ya kuwavunjavunja vipande siikubali kwa upande wowote, maana Carter bandia alijifunza kuikwepa na Asuran nao wakabadilika wakaizoea. Lakini mpe mdudu mmoja nafasi ya kujificha chini ya jengo kwa wiki moja, kwenye mji uliojaa chuma na nishati, na Asuran wakiwa barazani wanabishana kwa adabu. Ndiyo maana kura yangu ni kwa Asuran ikiwa wamemwona adui anakuja, na kwa wadudu ikiwa hawajamwona. Kwa jinsi Asuran wanavyojivuna, nadhani wasingemwona.

Anayetaka kulinganisha mwenyewe asianze na vita vikubwa. Aangalie ile sehemu ya Reese, kisha siku hiyohiyo ile ambayo Oberoth anatokea kwa mara ya kwanza. Ya kwanza iwe na sauti juu.