Kabla hujaenda kwa fundi bodi, bandika nyuzi kwanza

Jamani kama gari lako linakunywa mafuta barabara kuu usikimbilie kununua spoila, anza kwa kutoa vitu vinavyokamata upepo. Mi nina Probox, kila wiki Dar Moro, Moro Dar, na keria ilikaa juu ya paa miaka mitatu haibebi kitu. Siku nimeifungua ule mvumo juu ya kichwa ukaisha, na kwa mwendo uleule wa 80 nikatoka kilomita 14 kwa lita mpaka 15 na kidogo. Spana tu.

Upepo haupandi sawasawa na spidi. Ukitoka 80 kwenda 100 umeongeza robo tu, ila upepo unaolizuia gari unapanda zaidi ya nusu, ndo maana kwenye foleni ya Kimara haya mambo hayakusaidii kitu.

Halafu nikaingia uvunguni. Kule kuna mabomba, mashimo, vyuma vinaning'inia, hewa inagonga kila kitu, nikakata shiti ya plastiki nikafunika kuanzia bampa la mbele mpaka mwisho wa injini. Hapa nisikilizeni vizuri: plastiki isikaribie eksozi! Ya kwanza ililainika ikaanza kunuka nikiwa Chalinze, ningechelewa kusimama ungekuwa moto. Upande huo weka bati la alminiamu, acha nafasi, na acha tundu la kumwagia oili. Wengine wanaziba na grili, inasaidia kweli, ila kwa joto letu sishauri kama huna geji inayoonyesha joto kwa namba, maana ukisubiri taa iwake umeshachelewa.

Simulesheni, yaani kujaribu kwenye kompyuta hewa inavyolipita gari, nilifanya kwa OpenFOAM, programu ya bure, gari nikalichora kwenye Blender, programu ya kuchora maumbo, nusu tu kwa sababu kushoto na kulia vinafanana, laptop ya kawaida ikaweza. Kosa la wengi ni kuacha barabara imesimama. Kwenye kompyuta gari halitembei, upepo ndo unakuja, kwa hiyo barabara nayo lazima itembee na spidi ya huo upepo na matairi yazunguke, bila hivyo majibu ya uvunguni ni uongo. Na namba ya mwisho usiiamini yenyewe kama yenyewe, itumie kulinganisha umbo hili na lile.

Nyuma ndo penye kazi. Mjerumani Wunibald Kamm miaka ya 1930 alionyesha kwamba huhitaji mkia mrefu, ukishusha paa taratibu kisha ukakata wima hewa inatoka vizuri tu. Nikachora mteremko wangu, kompyuta ikaukubali, nikautengeneza kwanza kwa boksi, nikabandika nyuzi za sufu kwa selotepu nione hewa inavyopita, mdogo wangu akanifuata na gari lingine abiria wake akirekodi. Nyuzi zikawa zinarukaruka, nyingine zinageukia mbele, maana yake hewa imeshaachia bodi. Nikapunguza mteremko, bado. Mara ya tatu zikalala zote kuelekea nyuma, ndo nikapeleka kwa fundi anikatie alminiamu.