Re: Redio kubwa ya zamani hapa Mwanga, ninunue?
Mkuu, hiyo redio ya Pioneer usiilipie kwa ajili ya mbao na taa zake. Igeuze kwanza, usome nyuma: ikiwa imeandikwa 100V tu, ni ya Japani, na ukiichomeka kwenye volti 230 zetu bila transfoma ya kushusha umeme umenunua moshi. Tena FM ya zile za Japani huishia megahezi 90, stesheni nyingine zote hadi 108 huzipati. Ukizungusha volyumu ikakwaruza, ni vumbi, fundi anasafisha. Ila ikinguruma hata volyumu ikiwa sifuri, kapasita (vile vifaa vya ndani vinavyotuliza umeme) zimechoka, shusha bei. Spika usiunge kabla ya kupima DC (umeme kama wa betri, unaounguza spika) kwa mita ya fundi pale zinapoungwa; ikizidi milivolti 100, iache. Mimi sikupima, nikaunguza spika ya shemeji kule Ujiji. Mpaka leo ananidai.