Andika Dunia Unayoijua

Kijana mmoja wa Bahi amenitumia ujumbe: "Dada, simulizi zako za mirathi nazisoma zote, ila mimi nataka kuingia kwenye ujasusi, ndiyo unaouza. Nianzie wapi?" Nikamuuliza amesoma riwaya ngapi za kijasusi. Akasema kusoma si sana, huwa anaangalia muvi.

Jibu la swali lake naliweka hapa, maana najua wengi wenu mnataka kilekile: wasomaji, jina, na meseji ya M-Pesa ikiingia mtu akiomba sehemu ya pili.

Mimi nina stesheneri karibu na mahakama hapa Dodoma. Kabla sijaandika hata simulizi moja nilikuwa nachapa viapo na maombi ya usimamizi wa mirathi. Watu wakisubiri karatasi zitoke, wanaongea. Siku moja alikuja mjane na mashemeji zake, kila mmoja ananiambia andika hivi, andika vile. Mama wa watu kimya, amebana kwapani mfuko wa rambo wenye cheti cha kifo na karatasi za kiwanja cha Nkuhungu. Nilipompa kalamu asaini, alisaini huku mfuko ukiwa palepale kwapani. Simulizi yangu iliyonipa jina ilitoka kwenye mfuko ule.

Mhariri mmoja aliurudisha mswada. "Kesi za viwanja nani anasoma? Weka jasusi, weka helikopta." Iliniuma, na bado inaniuma. Helikopta ya nini Nkuhungu? Sikubadilisha hata nukta. Leo watu wanagombana kwenye magrupu ya WhatsApp kuhusu shemeji yupi alighushi muhtasari wa kikao cha ukoo. Mhariri naye yumo kwenye grupu moja, kimya.

Sasa nisikilizeni. Majuzi nilitumiwa hadithi ya mauaji, imewekwa hapahapa Dodoma. Mshtakiwa anafikishwa kwa hakimu, anaulizwa anakiri au anakana, kisha juri, wale raia wanaoamua kama mtu ana hatia, inatoka kwenda kujadiliana. Juri ipi? Hatuna. Hata wazee wa baraza tuliozoea kuwaona Mahakama Kuu wakikaa na jaji kumshauri, maoni yao hayamfungi jaji. Na kila anayesikiliza redio anaijua ile sentensi: mshtakiwa hakutakiwa kujibu lolote kwa kuwa mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza kesi hiyo. Mwandishi ameikanyaga hadithi nzuri akapita! Mtu anatuhumiwa kuua, analetwa, anarudishwa mahabusu kwa sababu upelelezi haujakamilika, analetwa tena, na muda wote huo hajafungua mdomo. Hiyo ungeipata wapi kwenye muvi ya Marekani?

Muhammed Said Abdulla alipotoa riwaya yake ya upelelezi, Mzimu wa Watu wa Kale, mwaka 1960, mpelelezi wake Bwana Msa alivuta kiko kama wapelelezi wa Uingereza, sawa. Lakini siri alizozifukua zilikuwa za watu wa Unguja, kwao mwandishi.

Kujua aina ya hadithi ni kumjua pia msomaji wake. Wa upelelezi anataka dalili aziweke mkononi mapema. Muuaji akiwa mtu anayeibuka kwa mara ya kwanza sura ya mwisho, anajiona amedhulumiwa. Wa mapenzi hakubali wapendanao watengane kwa jambo ambalo simu moja ingelimaliza. Haya hufundishwi, unayapata kwa kusoma. Soma. Ukimaliza, soma tena.

Wewe wa Bahi una mpunga, una madalali, una ugomvi wa zamu za maji. Maiti ikikutwa mferejini alfajiri, unajua nani ataulizwa kwanza. Mimi sijui. Unataka jasusi wa nini?

Na ukiandika, mpe mtu wa kazi hiyo asome kabla hujaposti. Zangu za jinai anazisoma karani mstaafu, malipo yake ni chai na chapati. Ndiye anayekumbuka kwamba mauaji hayana dhamana, kabla mshtakiwa wangu hajafika nyumbani kula chakula cha jioni.