Kwa nini tulianza na upepo usoni

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kwa nini mlipokuwa wadogo niliwaanzisha safari na upepo usoni, kwenye baiskeli na vilevile kwenye katamarani, kile chombo chetu cha tanga chenye mitumbwi miwili sambamba, hata mlipokuwa mnanung'unika. Unataka kujua kama nilikuwa nawakomaza, na kama na wewe uwafanyie hivyo wanao, ambao juzi wamelalamika njia nzima. Sikuwa nawakomaza, mwanangu. Nilikuwa naogopa safari ya kurudi.

Labda hukumbuki. Ulikuwa na miaka minane, mdogo wako sita. Tulitoka asubuhi kwa baiskeli kwenye njia ya vumbi katikati ya mashamba, upepo ukiwa mgongoni, wala sikujua kama uko mgongoni. Nilidhani siku imetulia. Mdogo wako alikuwa anacheka, anasema leo miguu yake ina nguvu, na mimi nikamwamini kwa sababu hata yangu niliiona hivyo. Tulipogeuza ndipo nikausikia upepo kwa mara ya kwanza siku ile. Tulirudi tukizisukuma baiskeli kwa mkono, yeye analia, wewe umenyamaza, na kimya chako ndicho kilichoniuma zaidi. Giza lilitukuta njiani.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba upepo wa nyuma hudanganya. Ukienda kilomita 15 kwa saa na upepo nao unakwenda 15 upande huohuo, usoni husikii kitu. Geuka, ushike mwendo uleule, na hewa inakupiga kwa 30. Nayo hewa haiongezi ugumu kidogo kidogo: kasi yake ikizidi mara mbili, nguvu inayokusukuma inazidi mara nne. Mtu mzima atapunguza mwendo na kuvumilia. Mtoto wa miaka sita ameshamaliza nguvu zake wakati wa kwenda, akiwa anafurahi.

Kwenye katamarani ni hivyohivyo, ila huko huwezi kushuka ukasukuma. Chukua upepo wa kilomita 25 kwa saa. Ukiuacha uje nyuma, chombo kikaenda 12, wewe unasikia 13 tu, jua linawaka, watoto wamejilaza kwenye wavu kati ya mitumbwi miwili. Ukigeuka kurudi, hakuna chombo cha tanga kiendacho moja kwa moja upepo unakotoka, lazima upige bisho, huku na huku, na kila kilomita ya kurudi unaisafiri karibu moja na nusu. Upepo unaousikia sasa unakaribia 35, na nguvu yake kwenye tanga ni kama mara saba ya ile ya mwanzo. Tena katamarani ni nyepesi na pana, hupoteza mwendo upesi omo, yaani sehemu yake ya mbele, inapogeuzwa kuukata upepo kwenda upande wa pili. Usipoingia kwenye mgeuko huo na kasi ya kutosha, inasimama katikati, inaanza kurudi nyuma, na mtoto anayekutazama usoni anajua kuwa mambo yameharibika.

Kwa hiyo ndiyo, waanzishe na upepo wa omo, yaani wa mbele, wakati wana nguvu na hamu. Wakichoka, geuka, upepo utawaleta. Waliosema kwenda tezi na omo, marejeo ngamani, yaani uende uendako utarudi tu, walikuwa mabaharia, na mimi neno hilo nimelishika hata kwenye baiskeli. Ila fupisha. Nadhani kosa lako juzi lilikuwa urefu. Nusu saa ya kukanyaga pedali dhidi ya upepo inawatosha, nawe uwe mbele yao uwakinge, mtu mzima mwingine akae nyuma. Mkiwa kwenye vilima, sahau upepo, kilima ndicho kinachoamua: pandeni kwanza.

Majini kuna siku ambayo kanuni hii haiwezekani, na hiyo ndiyo siku ninayokuomba usitoke nao kabisa. Ni siku upepo unapotoka nchi kavu kwenda majini. Ukisimama ufukweni, miti na mteremko vinakukinga, maji yametulia kama yanakuita. Ukifika mbali kidogo upepo ni mkali, na nyumbani ni hukohuko upepo unakotoka. Nimewahi kuwarudisha nyumbani mkiwa mmeshavaa majaketi ya kuokolea, mkanikasirikia siku mbili. Ningefanya tena. Upepo mzuri kuliko wote kwa watoto ni ule wa ubavuni, unaopita sambamba na ufuko, kwa sababu kwenda na kurudi ni sawa. Ule wa kutoka majini nao unafaa, ila jioni mara nyingi hufa, basi usikose kafi.

Kabla ya kutoka, tazama miti. Kipimo cha upepo alichokitunga baharia Francis Beaufort mwaka 1805 hutumika leo majini na nchi kavu, na macho yanatosha kukisoma. Majani na vitawi vyembamba vikitikisika bila kupumzika, na majini kuna vichwa vyeupe vya hapa na pale, hiyo ni namba 3. Vumbi na karatasi zikianza kuinuka, vichwa vyeupe vikawa vingi, ni namba 4. Na watoto mimi nilikomea 3.

Jambo moja zaidi, ambalo hukuuliza. Chagua siku ya joto, maji matulivu, karibu na ufuko, mkipindue chombo kwa makusudi. Watoto wajifunze kutokukiacha. Legeza kamba za matanga, kizungushe mpaka mlingoti uelekee upepo unakotoka, halafu simama kwenye mtumbwi wa chini, shika kamba iliyopitishwa juu ya ule mwingine na uegemee nyuma kwa uzito wako wote. Upepo ukiingia chini ya tanga utakusaidia kukiinua. Hobie 16, ile katamarani ndogo unayoifikiria, ina kilo 145, na mlingoti na tanga lililojaa maji ni mzigo. Kama wewe na watoto uzito wenu hautoshi kuisimamisha, usitoke bila chombo kingine karibu. Hili silegezi.

Ile kamba niliyokuwa nikiitumia bado ninayo, nene, yenye mafundo kila hatua ili mkono usiteleze. Nimeikagua jana, haijaoza popote. Nitakuja nayo Jumamosi, na kama miti itakuwa imetulia tutaijaribu pamoja.

Mama yako